Benchi la Zefania

Jumatatu, 6 Juni 1994

Watu wa Serikali wamefika! Gari jeupe, mama mmoja mwenye miwani. Anaitwa Dokta Flora, katoka Dar. Anachunguza msongo wa mawazo kwa sisi waganga na manesi wa vijijini. Eti tunalalaje. Eti tunakasirika mara ngapi. Tangu lini Serikali ikauliza mtumishi analalaje? Mwezi uliopita Iguguno yote ilizungumzia watumishi kupunguzwa kazini, mwezi huu anakuja mtu kuuliza nani amechoka. Mimi si mtoto. Atakayekubali kwamba amechoka, ndiye wa kwanza kwenda nyumbani kulima alizeti.

Kwa hiyo mimi Melkiori, mganga mfawidhi wa zahanati hii, sijachoka. Sijawahi kuchoka.

Angalau Dokta kaniamkia vizuri. Si kama Zefania, mdogo wake Nesi Loyce. Mtu mzima, ndevu hizo, anashinda kwenye benchi la barazani toka tunafungua mpaka tunafunga. Nikipita anatazama kucha zake. Shikamoo yake sijawahi kuisikia! Anampelelezea nani pale?

Jumanne, 7 Juni

Nimecheka siku nzima, Dokta aone kwamba sijachoka. Kaja mgonjwa wa jino, nimecheka. Dawa za malaria zimekwisha, nimecheka. Bibi mmoja kutoka Ulemo kamuuliza Loyce kama daktari amelogwa.

Loyce kamwambia Dokta wazi kwamba amechoka, kwamba siku nyingine analia huku akichemsha sindano. Mjinga yule! Au mjanja?

Jioni Dokta katueleza habari za Zefania. Si mapepo, si kiburi. Kazaliwa hivyo, wataalamu wanaita otizimu. Kelele zinamuumiza, na vitu kuhamishwahamishwa vinamuumiza zaidi. Anasema watoto wa namna hiyo wanaandikwa sana vitabuni, lakini wakishakuwa watu wazima hakuna anayeuliza wanaishije. Yeye kaamua kuuliza na hilo pia. Nikaitikia kwa kichwa. Nilichoelewa mimi ni kwamba Loyce na mdogo wake wote wawili wamo kwenye utafiti, na mimi niko peke yangu.

Jumatano, 8 Juni

Nimepata dawa yao. Alfajiri nimelibeba benchi nikalificha nyuma ya choo. Zefania atapiga kelele, Loyce atachanganyikiwa mbele ya Dokta, Dokta atajua nani hafai. Safi kabisa.

Baadaye. Si safi. Zefania kakuta pale patupu. Kazunguka nguzo, kazunguka tena, halafu kaziba masikio akaanza kujigonga kichwa ukutani. Kile kilio! Loyce hakuchanganyikiwa hata kidogo. Kawaondoa akina mama waliokuja kupima watoto, akawa anasema naye Kinyiramba, polepole. Aliyechanganyikiwa ni mimi. Nikakimbia nyuma, nikajitwika benchi, nikateleza kwenye alizeti zilizoanikwa, nikaanguka nalo. Nimeona aibu, na huruma imenishika vibaya. Loyce kauliza nani alilihamisha. Nikasema labda mbuzi.

Zefania kakaa. Nikakaa naye. Hakuniuliza kitu, hakutaka kitu. Nilipozinduka wagonjwa wote walikuwa wameshatibiwa na Loyce, jua linazama, Dokta kasimama mbele yangu. Nimelala barazani mchana kutwa! Zefania, bila kunitazama, kasema daktari amechoka.

Nani kamtuma aseme?

Ijumaa, 10 Juni

Nimekwisha! Dokta anasema toka Mitundu mpaka huku hajaona mtumishi aliyechoka kama mimi. Kazungumza na wilaya, nimepewa likizo kuanzia Jumatatu. Kijana mmoja, Peniel, atanishikia nafasi. Eti nikirudi nitakuta kiti changu. Loyce kanipa pole na chupa ya mafuta ya alizeti. Mafuta ya nini? Ya kuniaga?

Jumatatu, 13 Juni

Siku ya kwanza ya likizo. Nimewahi asubuhi, nikakaa kwenye benchi la barazani nimchunguze huyo Peniel. Zefania kaja, kasimama, kaniambia nisogee. Nikasogea. Tukakaa. Watoto wakapimwa, upepo ukavuma, hakuna aliyeniita. Moyo ukatulia kama siku zile nilipokuwa mdogo nikichunga mbuzi wa baba. Nusura nilie.

Ndipo Zefania, macho kwenye kucha zake, akasema shikamoo.

Nikaitika marahaba. Nimetembea mpaka nyumbani nikitabasamu peke yangu njiani.

Lakini nimekaa nikafikiri. Miaka yote hiyo nina koti jeupe, hakuna kitu. Leo sina koti, ndiyo ananiamkia? Mtu haamkiwi hivihivi. Kuna jambo wamelipanga wale ndugu wawili na huyo Peniel wao.

Kesho alfajiri nakwenda kulihamisha benchi.