Akordi Mbili Zilizoleta Kilio Kapata

"Musonoi batatucheka mpaka tuhame!"

Ministre alileta habari mbele ya kuleta salamu. Jina lake ni Tata Kanyinda, lakini tangu aache kazi ya kuandika barua mu biro ya kampuni, anaongea kama mutu mwenye gari na bendera. Kwa hiyo pale kwenye benchi ya Mama Princesse, muuzaji wa kawa ya moto na mikate ya kukaanga, na mu mutaa muzima wa Kapata, banamuita Ministre, yaani waziri.

"Ukae kwanza," Mama Princesse akamuambia. "Nani amefanya nini?"

"Batoto ba Musonoi, mutaa wa kule ng'ambo! Jana mu radio bamepiga gitare, wimbo muzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Mutangazaji akauliza: na bale ba Kapata je? Mama, kicheko nilichosikia mule mu radio, hata mbuzi ya jirani iliinamisha kichwa."

Macho yote yakamugeukia Mechack, mwalimu wa gitare, yule banayemuita Maître. Naye akachungulia mu kikombe chake kama mutu aliyeangusha funguo ndani. Tangu mvua za kwanza alikuwa anafundisha batoto mu sale, ule ukumbi wa parokia, na mpaka asubuhi ile hawajamaliza hata wimbo mumoja. Lakini Musonoi haikumuuma sana. Kilichomutisha ni Mama Valérie, mukubwa wa komite ya bazazi. Alimusimamisha njiani akamuambia: siku ya Mungu, jumapili, misa ikiisha, batoto bapige wimbo moja kamili. Kama hapana, gitare zote zinarudi kwa korali ya bakubwa, na darasa limekufa.

"Siku ya Mungu iko kesho kutwa!" akaruka Teneur.

Huyu ni Gradi, kijana wa mu mashimo ya kobalti. Teneur ni ule utajiri unaopimwa ndani ya jiwe, na Gradi anapima kila kitu: chai, mahubiri, hata bachumba ba rafiki zake.

"Maître, useme kweli. Batoto njo beko na teneur ya chini, ao weye njo unachimba fasi mubaya?"

"Batoto beko bazuri," Maître akasema polepole. "Nyimbo njo zilikuwa nguvu."

"Na nani alizichagua?"

Mama Princesse akacheka peke yake, juu alijua: walizichagua wao wenyewe ba pale kwenye benchi, kila mutu yake.

"Ya kwanza ilitoka kwa Tata Sebene," Maître akasema.

Tata Kalumba, banayemuita Sebene kama ile sehemu ya rumba gitare zinapokimbia, aliinua kofia. Zamani alipiga solo mu orkesta ya batumishi ba mugodi. Orkesta ilikufa, majivuno yakabaki. Mupaka leo, akiongea, mukono wake wa kushoto unatembea juu ya paja kama juu ya shingo ya gitare.

"Mi niliwapa rumba moja tu. Kadogo."

"Kadogo! Iko na fa, tata. Fa! Kulaza kidole kimoja juu ya kamba zote, na kufinya. Abigaëlle, mudogo kuliko bote, mukono wake hauzunguki hata shingo ya gitare. Mutoto alilia."

"Alie! Mi nililia miaka. Gitare bila machozi iko kuni."

"Na Ministre akaleta wimbo ya taifa."

"Ile ilikuwa hesabu ya siasa!" Ministre akainua kidole. "Ukipiga ile, batu bote banasimama wima. Mutu aliyesimama wima hawezi kutoroka. Na mukikosea, nani atathubutu kucheka?"

"Ilikuwa na akordi mingi kuliko baministre," Mama Princesse akasema.

"Mama, heshima kwa serikali."

"Serikali inywe kawa yake, inapoa."

"Sasa Teneur," Maître akaendelea, "weye uliniletea ile ya mu shimo."

"Akordi tatu! Nyepesi kama majani!"

"Na maneno yake? Batoto bakaenda nayo nyumbani. Mama moja akakuya kuniuliza hapa barabarani, mbele ya batu, mwana wake ni nani amemufundisha jina ile ya kiungo kile."

Benchi yote ikacheka, hata Sebene aliyekuwa amenuna. Lori moja la mawe likapita, vumbi jekundu likawafunika, na kila mutu akaweka kiganja juu ya kikombe chake mpaka lipite. Vumbi lilipotulia, Maître alikuwa hacheki.

"Bakubwa zangu, mi ninataka kitu kidogo. Wimbo ya akordi mbili. Iende polepole, vidole bipate nafasi ya kutafuta njia. Na batoto bawe banaijua tayari kwa masikio, juu mutoto hawezi kutafuta wimbo na kutafuta kamba mara moja. Mu Kapata muzima hamuna wimbo moja ya namuna ile?"

"Ya Noeli," Ministre akasema.

"Mu mwezi wa tano?"

"Ya maombi, basi. Kule kwa pasta wa nyuma ya soko beko na akordi mbili."

"Inaanza na mbili, tata. Pasta akishika moto, anapandisha sauti. Inapanda, inapanda, mupiga gitare anafika fasi gitare imekwisha."

"Ile ya sabuni ya mu radio!" Teneur akasema.

"Fupi. Itakwisha bazazi hawajakaa."

"Basi tuunde komisyo," Ministre akasema, akajinyoosha shati.

"Weye na komisyo yako mukae," Sebene akamujibu. "Komisyo yako ya bomba la maji bado inatafuta bomba."

Mama Princesse alikuwa anageuza mikate mu mafuta. Hakuinua macho.

"Kuko moja. Batoto bote banaijua tangu mu mugongo ya mama yao. Inaenda polepole kama mutu anatafuta kiatu mu giza. Na hakuna mutu niliyemusikia akiikosea."

"Gani, mama?"

"Ya kilio. Ile tunaimba mutu akikufa."

Vidole vya Sebene vikaanza kutembea juu ya paja, vyenyewe, bila ruhusa.

"Re," akanong'ona. "La. Re. La... Mama weye! Iko re na la tu mpaka mwisho!"

"Teneur juu kabisa," Gradi akasema, akavua kofia.

"Lakini iko ya maiti," Maître akasema.

"Maneno njo ya maiti," Ministre akamujibu. "Gitare haina mudomo. Ondoa maneno, inabaki muziki ya bazungu, ya kusikiliza na miguu juu ya meza."

Maître hakupenda. Lakini aliona mbele ya macho yake vidole vya Abigaëlle, ncha zake zimevimba malengelenge, na akaona gitare zikibebwa kupelekwa kwa korali. Akasema ndiyo.

Sale ya parokia mchana ule ilikuwa na kikao cha ndoa. Sebene akatoa kiwanja chake. "Bibi yangu Marie ameenda Musonoi kuuzisha mboga, na mi ninaenda kwa kinyozi. Mufanye kama kwenu."

Basi batoto bakakaa mu kiwanja cha Tata Kalumba, mu safu ile ya nyumba za kampuni zinazofanana kama mapacha. Maître akawaonyesha re. Akawaonyesha la. Akahesabu.

Na kwa mara ya kwanza tangu mvua za kwanza, hakuna aliyesimama. Wimbo ulianza upande mumoja wa kiwanja ukafika upande mwingine muzima. Abigaëlle alifunga macho akatikisa kichwa kama bibi kizee.

"Tena!" batoto bakalia wenyewe. "Maître, tena!"

Bakarudia, na tena, na tena. Hapo ndipo mama wa kwanza akaingia mulangoni.

Alikuwa amevua viatu, kikwembe cha pili, kile kitenge cha bamama, amekifunga kiunoni. Akakaa chini, akafunika uso. Maître akadhani ni muzazi mupenda muziki, akamuinamia kichwa. Naye akainamisha chake, kwa huzuni kubwa. Akakuya wa pili, na wa tatu. Mwanaume mumoja akatua mufuko wa makala, yale makaa ya kuwasha, karibu ya mulango, akashika mukono wa Maître na mikono yake yote miwili.

"Pole sana, ndugu. Ya moto ya usiku, ile. Alianza kuugua lini?"

"Nani?"

"Kweli," yule akasema, akifuta jicho. "Mungu peke yake njo anajua."

Maître alipoelewa kwamba batu bamesikia kilio, si masomo, vijana walikuwa tayari banafunga turubai. Maître akawapungia batoto mukono basimame, lakini bamama bakapasuka kwa kilio, na batoto, ambao hawajawahi kusikilizwa hata na kuku, bakadhani ni furaha. Bakapiga zaidi.

"Hajakufa!" Maître akamuambia mama wa karibu. "Mama, hakuna mutu amekufa!"

"Iko vile, mwanangu," mama akamupapasa mugongo. "Siku ya kwanza bote tunasemaka vile."

Mara Mama Valérie mwenyewe akaingia, bila viatu, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Akajiangusha chini.

"Tata Kalumba ééé! Juzi alinipita njiani bila salamu! Kumbe alikuwa ananiaga!"

Nyuma yake, Ministre na Teneur. Teneur alikuwa na uso wa majivu.

"Nilimuacha kwa kinyozi muzima," akanong'ona. "Maître... ni wembe?"

"Teneur, ni wimbo! Weye ulikuwa pale!"

Lakini Ministre alikuwa amekwisha kupanda juu ya kiti. "Bandugu bapendwa! Marehemu alikuwa nguzo. Ninapendekeza komisyo ya maziko, na kwa unyenyekevu, nitaiongoza mimi."

Wakati ule ule, Sebene akaingia mulangoni, kichwa kimenyolewa, kinang'aa kama sufuria mpya. Akaona turubai, makala, bamama chini. Mutu mwenye adabu haulizi kwa sauti penye kilio. Akashika kofia yake kifuani, akaenda kukaa kati ya banaume, akainamia jirani.

"Pole, ndugu. Ni nani?"

"Ni Tata Kalu..." jirani akasema, akageuka.

Benchi ya banaume ilianguka na batu bote waliokuwa juu yake. Mama moja akaruka kizuizi cha miti ya miyombo ambacho hata mbuzi hukizunguka. Teneur akakumbatia mufuko wa makala. Ministre akabaki juu ya kiti, kidole hewani, mutu wa kwanza Kapata kukatizwa hotuba ya maziko na marehemu mwenyewe.

Ilichukua muda batu barudi mmoja mmoja, banamugusa Sebene bega. Mama Valérie akasimama, akajipangusa vumbi, na sauti yake ikatoka chini ya tumbo.

"Maître Mechack! Umeniliza bure! Mbele ya parokia nzima! Bila viatu!"

Maître akaangalia chini. Aliona kazi yake imekwisha. Abigaëlle njo aliongea, gitare bado kifuani.

"Mama Valérie, tulisimama katikati?"

"Unasema nini?"

"Wimbo. Kuko fasi tulisimama?"

Mama Valérie akatazama batoto, vidole vyao bado vimefinya la, banaogopa kuviondoa.

"Hapana," akasema. "Mulipiga mpaka mwisho. Mukarudia. Kila mulipofika mwisho mi nilianza kulia upya." Akavuta makamasi. "Nilisema wimbo moja kamili, na masikio yangu yamesikia. Gitare zinabaki."

Batoto bakapiga kelele. Maître akakaa juu ya udongo.

"Lakini siku ya Mungu," Mama Valérie akaongeza, "mukipiga ile, bakristu bote batavua viatu, na padiri ataanza kutafuta jeneza. Mutapiga ingine."

"Banajua ile moja tu, mama."

"Basi, Maître, utafute akili."

Maître akafikiri. Akaangalia mukono wa kulia wa Abigaëlle, ule wa kupiga kamba.

"Batoto. Akordi zile zile, re na la. Vidole vya kushoto bibaki vile vile. Lakini mukono wa kulia ukimbie kama munafukuza kuku mu shamba."

Akahesabu upesi. Bakaanza.

Ilikuwa ile ile, na haikuwa ile. Bega la Mama Valérie lilitikisika mbele yeye mwenyewe hajakubali. Bamama, machozi bado mu mashavu, bakafungua vikwembe viunoni na kuvifunga tena kwa namna ya ndoa. Teneur akaangusha makala. Sebene, marehemu, akatupa kofia na kuingia katikati, kiuno kikisahau umri wake.

"Ministre!" akalia. "Ile komisyo ya maziko, uigeuze ya kunywa bière!"

Ndipo pikipiki ikasimama mulangoni na kilio kikaingia mbele ya mwenye kilio. Ilikuwa Marie, bibi ya Sebene. Habari ilimukuta Musonoi, kati ya mboga zake. Aliingia mikono juu ya kichwa, akaona turubai, akaona makala, halafu akamuona bwana yake, mbichi, amenyoa, anazungusha kiuno kati ya bamama ba jirani.

Gitare zikanyamaza moja moja.

"Kalumba," Marie akasema. "Uko muzima?"

"Muzima kabisa, Marie wangu! Ufurahi!"

"Njia yote, tangu Musonoi, juu ya ile pikipiki, nimekusamehe. Yote, Kalumba. Nilianza na za mwaka huu, nikarudi nyuma. Hata ile ya safari ya Mutshatsha nimekusamehe, pale karibu ya daraja."

"Asante, Marie," Sebene akasema, akirudi nyuma hatua kwa hatua. "Asante sana, mama."

"Asante ya nini? Musamaha ile ilikuwa ya maiti!"

Na akachukua mwiko mukubwa wa kusonga bukari, ule bajirani walikuwa bameleta kwa kupikia kilio.

Ministre akakumbuka ana kikao. Teneur akakumbuka shimo lake. Mama Valérie akaanza kutafuta viatu vyake kwa haraka. Maître akaangalia mwiko, akaangalia kichwa cha Sebene kinachong'aa, akawainamia batoto.

"Batoto," akanong'ona, "turudie ile ya polepole."