Nilivyomsemea Msimamizi kwa Mama Yake

Wastaafu wenzangu, leo nimejiaibisha mbele ya watu nisiowajua, na wengine wako ng'ambo kabisa. Naandika mwenyewe mapema kabla habari haijafika kwa watu wa kwaya, maana ikishapita kule itakuwa imeongezwa chumvi mpaka hailiki.

Mnajua Neema wangu yuko Ujerumani. Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia kwa video. Naona nusu ya uso, sikio, na jiko jeupe linalong'aa nyuma yake. Namuuliza, "Mwanangu, nije lini nikuone?" Ananijibu, "Mama, visa ngumu. Usijisumbue." Halafu mtandao unakatika, nami nabaki nimeshika simu kama mtu aliyeambiwa aishike hivyo hivyo, mwenyewe anarudi sasa hivi. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga ukaanza kuuzwa barabarani, nanunua fungu lilelile nililokuwa nanunua tukiwa wawili. Nakaanga. Nakula nusu.

Sasa leo asubuhi akaja jirani yangu Mama Zuhura, amerudi juzi kutoka Maskati kumuona binti yake na mjukuu. Ameniletea tende. Ameleta na picha. Mjukuu amelala, mjukuu ameamka, mjukuu anaoga. (Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.) Mwisho nikamwambia, "Mwenzangu una bahati. Sisi wa Ujerumani visa ngumu."

Akaniambia, "Nani kasema? Kuna jukwaa mtandaoni, Watanzania wa nje wanasaidiana humo. Binti yangu aliulizia huko huko. Lete simu."

Akanifungulia. Ikatakiwa jina la kujificha. Nikachagua Mama Mpole.

Alipoondoka nikavaa miwani nikaandika. Niliandika kwa herufi kubwa zote, kwa sababu ndizo ninazoziona vizuri. Nikaanza na salamu, kama mtu yeyote aliyelelewa. SHIKAMOONI WAKUBWA WOTE, VIJANA HAMJAMBO. Nikamshukuru Mungu kwa kutuamsha salama. Nikajitambulisha kuwa ni mama mtu mzima, mjane, mstaafu, niko Tabora, Itetemia. Nikauliza kama mama wa umri wangu anaruhusiwa kwenda Ujerumani kumsalimia mwanawe. Mwishoni nikauliza kama uwanja wa ndege wanakubali michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali ya Usinge, kwa sababu mtoto anayependa michembe hawezi kuipata kule.

Nikatuma. Nikasubiri "marahaba".

Wa kwanza akaandika: "Punguza sauti mkuu."

Nikashangaa. Nikamjibu: "SIJAPIGA KELELE MWANANGU. NIKO NDANI NIMEKAA KIMYA."

Wa pili: "Mkuu, ngoja wajuzi waje."

Hapo moyo ukatulia kidogo. Nikajiuliza wamejuaje kuwa niliwahi kuwa mwalimu mkuu. (Baadaye nikaona humo kila mtu ni mkuu. Hata aliyeuliza bei ya viatu alikuwa mkuu.)

Wa tatu: "Nimekaa hapa na bisi zangu." Nikamkaribisha ale taratibu asipaliwe. Watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka, vingi, na mimi sioni kilichochekesha. Kuhusu visa, kimya. Kuhusu shikamoo, kimya kabisa. Miaka yote niliyosimama mlangoni mwa darasa, hakuna mtoto aliyewahi kupita bila kusalimia, na leo naamkia ukumbi mzima hakuna anayeitika.

Ndipo akaja msimamizi wa jukwaa. Anajiita Mchunga Lango. Bila salamu, bila pole:

"Mama Mpole, uzi wako umevunja kanuni. Usiandike kwa herufi kubwa. Usitaje mahali unapoishi. Tafuta kwanza kabla ya kuuliza. Swala la kualika wazazi limeshajibiwa hapa."

Chini yake kulikuwa na maandishi ya buluu. Nikayagusa huku nimenuna.

Jamani, niwaambie ukweli. Kilichofunguka pale ni maelezo marefu ya huyo huyo Mchunga Lango, na sijapata kusoma kitu kilichoandikwa kwa upendo vile. Alieleza kwamba mwenyeji ndiye anayeanza, si mgeni. Mtoto aende ofisi ya wageni ya mji anaoishi, aonyeshe kipato chake na mahali atakapomlaza mzazi wake, akubali kumgharamia mpaka arudi. Halafu akaendelea na mambo ambayo hakuna ofisi inayoyauliza. Usimkaririshe mama yako majibu, aliandika. Akiulizwa anakwenda kufanya nini, aseme namfuata mwanangu, nimemkumbuka. Mwombee kiti cha karibu na njia, maana ataona haya kuwaamsha watu akitaka kwenda msalani. Siku ya kumpokea wahi mapema sana, asije akatoka pale mlangoni akakosa uso anaoujua.

Chini watu walikuwa wanamshukuru. Mmoja aliandika tu, "Mchunga Lango, mama amefika. Amelala. Ubarikiwe."

Nikavua miwani nikaifuta. Nikajisemea, mama wa huyu mtoto amebarikiwa. Bila shaka alishakwenda, alishapokelewa, na kwenye kiti cha karibu na njia alikaa. Nikajikuta natamani, Mungu anisamehe, Neema wangu angekuwa na moyo hata nusu ya huu.

Kwa hiyo nilirudi pale nikiwa mpole kweli. Nikaandika kwa herufi ndogo, pole pole, macho nimeyakaza: "Asante sana Mchunga Lango, nimesoma, nimefarijika. Nina swali moja lililobaki. Mama ambaye mtoto wake ndiye hataki kuanza, afanyeje?"

Jibu likaja haraka:

"Hilo si swala la jukwaa. Ni mambo ya familia. Watu wana sababu zao, na si kila kitu mzazi anaelezwa. Naufunga uzi."

Wenzangu, sijui mngefanya nini. Mimi damu ilinipanda. Mtu amenifungulia mlango mpaka nimeona ndani, halafu ananifungia usoni. Nikaandika:

"Kijana, subiri usifunge. Mama yako anajua kwamba unawajibu watu wazima hivi?"

Akajibu: "Mama yangu ndiye aliyenifundisha kufuata kanuni."

"Basi mwambie alikufundisha nusu. Adabu aliisahau. Mwambie nimesema mimi, Mama Mpole, akitaka aje tuzungumze."

Wale wa bisi wakafurika. "Mama katema cheche." "Mkuu usimjibu, huyu bibi si wa mchezo." Nikanogewa. (Hapa ndipo mtu mwenye akili angezima simu akaenda kuchambua mchicha.) Nikamalizia kwa somo:

"Na Kiswahili pia hakukufundisha. Suala ni jambo. Swala ni mnyama. Sala tunakwenda nayo kanisani. Hata binti yangu aliyaimba haya akiosha vyombo, na alikuwa hajaanza shule."

Nikatuma nikakaa kifua mbele, nikingoja kuombwa radhi.

Wa bisi wakauliza, "Msimamizi kakimbia?" Wengine wakasema kaenda kumwita mama yake. Nikapiga chai funda moja. Nikapiga la pili. Kisha Mchunga Lango akaandika neno moja tu:

"Mayu?"

Ninyi mliokulia Unyamwezini hamhitaji tafsiri. Wengine wote mle ndani walihitaji. "Mayu ndiyo nini?" "Labda mayai." "Ni tusi la kikwao, mkuu mfungie huyo bibi." Na mimi nimeshika kikombe, chai inamwagika kwenye kitenge, sijisikii kuungua. Hakuna anayeniita mama kwa Kinyamwezi duniani ila mtu mmoja.

Akaandika tena: "Mama, ni mimi. Ni Neema."

Mama aliyesahau kufundisha adabu. Mama aliyefundisha nusu. Mama aliyeitwa aje tuzungumze. Alikuwa ameshakuja, amekaa Itetemia na kikombe cha chai. Nilikuwa nimemsemea mwanangu kwa mama yake, hadharani, na mashahidi wana bisi.

Simu ikaita. Safari hii sauti tu, bila video. Kwanza tulicheka, mpaka sikujua tena kama yeye anacheka au analia. Akasema, "Mama, nilipoona Itetemia na michembe nilishtuka. Nikasema hapana, Wanyamwezi ni wengi."

Nikamwambia, "Ungeitikia shikamoo yangu yasingetufika."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu kicheko kikaisha chenyewe, na swali lilikuwa pale pale, hatuwezi kuliruka. Nikamuuliza taratibu. "Neema. Watu wote hao umewafundisha kuwaita mama zao. Mimi je?"

Akasema, "Lile jiko unaloliona si langu, Mama. Ni la bibi ninayemtunza. Ninamwogesha, ninampikia, na Jumapili akilala ndipo nakupigia, kwa sababu pale kuna mwanga. Ninakolala mimi ni chumba kimoja, tuko na wenzangu wawili. Nilikuambia nina nyumba. Yale maelezo niliyaandika kwa ajili yako. Kila nikifika pale pa mahali pa kumlaza mgeni, nasimama. Nikaona basi, yawasaidie wengine."

Nikafikiria kile kiti cha karibu na njia. Kumbe yule mama wa kuona haya kuwaamsha watu ni mimi.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa Usinge, ndugu wote tulilala mkeka mmoja. Nikiwa na mimba yako nimelala kwenye behewa sakafuni, nimejiegemeza kwenye gunia la mahindi la mtu nisiyemjua. Unadhani nakuja huko kukagua nyumba?"

"Si wewe unayekagua, Mama. Ni wao."

Ni kweli, ofisi ya wageni haijui habari za mkeka wa Usinge. Akanieleza kuwa anatafuta chumba cha peke yake, kidogo, na vyumba ni vigumu kupatikana, na hawezi kuniahidi lini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kuchapwa. Nikamwambia simchapi. Nikamwambia aendelee kutafuta, na asinidanganye tena kwamba ni visa, kwa sababu kusubiri naweza, nimezoea, lakini nataka nisubiri nikijua ninachosubiri.

Akasema, "Sawa, Mama. Basi wewe anza na pasipoti. Hiyo haihitaji chumba."

Kisha akawasha video. Hakuwa kwenye jiko jeupe. Nikaona kitanda cha chuma, dirisha dogo, nguo za watu watatu zimening'inia kwenye msumari mmoja. Akanizungusha kote, na kote kulikuwa pale pale. Uso wake niliuona wote, na alikuwa amekonda.

Mchana niliporudi jukwaani kuwaaga wale watu vizuri, sikuweza kuingia. Kuna msimamizi mwingine alikuwa ameamka huko aliko akakuta vurugu. Mama Mpole amefungiwa kwa kumtolea msimamizi lugha isiyofaa. Mchunga Lango amefungiwa kwa kutaja jina lake hadharani, kinyume na kanuni alizoziandika mwenyewe. Tuko nje wote wawili, mama na mwana. Ila uzi wenyewe hawakuufuta, wameuacha watu wasome, na binti wa Mama Zuhura ameshausoma huko Maskati, kwa hiyo Mama Zuhura anajua, kwa hiyo mtaa unajua. Jioni hii nimekwenda dukani kununua chumvi, kijana wa dukani akaniuliza kwa heshima zote kama safari ni lini.

Nilimjibu kwamba bado. Nilipofika nyumbani nikatoa kabatini cheti changu cha kuzaliwa na vyeti vya kazi, nikavipanga mezani, kesho naanza kuulizia hiyo pasipoti.

Nawaomba msicheke. Na atakayeshindwa kabisa kujizuia, kwanza aniambie kule sweta moja linatosha au nijifumie mawili, ndipo acheke.