Ombi la Kumwondoa Mke Wangu katika Darasa la Kiingereza

Kwa Mkuu wa Kituo cha Elimu ya Watu Wazima.

Mheshimiwa Mkuu,

Baada ya salamu zinazostahili cheo chako, naomba uisome barua hii ukiwa umeketi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na katika muda huo hakuna mwanafunzi wangu aliyethubutu kufungua kinywa kabla hajaijua nomino. Wengi wao hawakukifungua hata baada ya hapo, jambo lililopunguza sana makosa.

Ninamlalamikia mwalimu wako wa alasiri, yule binti anayefundisha katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Pia ninaomba kwamba mke wangu, anayekaa dawati la mbele katika darasa hilo, aondolewe mara moja. Sina chuki na mwalimu huyo. Nilimfundisha mwenyewe akiwa kidato cha pili, nikampa alama thelathini na nane, na nikaandika kwenye ripoti yake kuwa Kiingereza si njia yake. Inaelekea hakuisoma ripoti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kwanza mwalimu hakuandika kanuni yoyote ubaoni. Alimtaka kila mmoja aandike mtu anayetamani kuzungumza naye kwa Kiingereza. Fundi cherehani akamwandika mfanyabiashara anayemletea vitambaa. Bawabu wa hospitali akamwandika daktari mgeni anayemsalimu kila asubuhi, ambaye yeye huishia kumjibu kwa kutikisa kichwa tu. Mke wangu akawaandika wajukuu zetu wawili. Nauliza kwa heshima: tangu lini lugha ikaanza na mtu? Sisi tulianza na nomino, tukaenda kwenye vitenzi, na muhula uliisha kabla hatujamfikia mtu wa kuzungumza naye.

2. Makosa hayasahihishwi papo hapo. Alhamisi moja nilipanda ngazi kwa kisingizio cha kumpelekea mke wangu miwani, nikasimama mlangoni. Bawabu alikuwa akisimulia, kwa Kiingereza, habari za mgonjwa aliyetoroka wodini akiwa amevaa koti la daktari. Nilihesabu makosa kumi na tisa, kisha nikaacha kuhesabu kwa kuwa nilitaka kujua mgonjwa yule aliishia wapi. Mwalimu alicheka pamoja na darasa, halafu akampa bawabu makosa mawili tu akayarekebishe nyumbani. Mawili! Yale mengine yaliteremka ngazi pamoja naye, yakaingia mtaani.

3. Mke wangu sasa anazungumza. Anazungumza Kiingereza na redio, na nguo anazoanika, na kuku. Nilipomwambia kuwa anachanganya wakati uliopita na wakati uliopo, alinijibu kuwa kuku hajalalamika.

4. Hili ndilo zito. Binti yetu anaishi ng'ambo na mumewe. Watoto wao, msichana na mvulana, wamezaliwa huko na hawajui ila Kiingereza. Kila Jumamosi saa kumi hupiga simu, na kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Utaratibu ulikuwa safi. Mtoto akisema, nilimsahihisha. Akirudia vizuri, nilimtafsiria bibi yake. Bibi akijibu, niliyatia maneno yake katika Kiingereza kinachokubalika. Kwa nusu saa tuliweza kukamilisha sentensi nne, zote zikiwa hazina doa.

Jumamosi tano zilizopita mke wangu aliichukua simu mkononi mwangu akasema mwenyewe. Aliwaambia, kwa nyakati za vitenzi ambazo naona haya kuziandika, kwamba amewakumbuka hadi chai haimshuki, na kwamba kila Jumamosi husimama langoni akitazama barabara kana kwamba watakuja kwa miguu. Kisha msichana akamwuliza mama yake kama bibi ni mgonjwa. Hapo ndipo ilipobainika kuwa huko ng'ambo wajukuu humwita mke wangu Mkaguzi, maana kwa miaka sita hajawauliza ila kama wamepiga mswaki na kama miandiko yao imenyooka.

5. Simu ilipokatwa, mke wangu alinigeukia na swali ambalo ninaliambatisha hapa kama ushahidi wa jinsi darasa lako linavyoharibu adabu za watu wazima.

"Mwalimu," alisema, kwa kuwa ndivyo anavyoniita tangu tuoane, "miaka sita nawaambia watoto wale kuwa nawapenda. Wewe ulikuwa unawaambia nini?"

Nilimjibu kwa utulivu kuwa nilikuwa nikifanya ufupisho. Kila aliyeketi chumba cha mtihani anaujua ufupisho: unaondoa marudio, mapambo, mifano na hisia, unabakiza wazo kuu. Maneno ya mke wangu yalikuwa na marudio mengi mno. Wazo kuu lilikuwa kwamba bibi hajambo na anawatakia usafi na bidii katika masomo, nami nililifikisha kila wiki bila kukosa. Nimesahihisha mafupisho maelfu, Mheshimiwa, na huo ningeupa tisa kwa kumi.

Alikwenda kukunja nguo. Tangu siku hiyo ananifupishia na mimi pia: chakula tayari, maji tayari, funga mlango.

6. Siku hizi simu inachukua saa nzima. Mke wangu aliwasimulia habari za kuku anayetagia ndani ya kikapu cha nguo, mvulana akaomba kuku aletwe kwenye simu, na kuku akaletwa. Mjukuu wangu alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Katika miaka yangu sita ya ukalimani sikuwahi kusikia kwikwi yake. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na minne, nimepewa kazi ya kushikilia chaja kwa kuwa soketi imelegea. Wiki mbili zilizopita nilichomoza kichwa ili nisahihishe neno moja tu, na mvulana mara akaanza kujibu kwa sentensi kamili, polepole, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Mke wangu akanitazama. Nikarudi kwenye chaja.

Kwa sababu hizo, ninaomba yafuatayo. Kwanza, mke wangu aondolewe darasani hadi atakapozijua nyakati zote kumi na mbili, kwa mpangilio. Pili, mwalimu wako arudie mtihani wangu wa kidato cha pili, ambao ninao nyumbani na nitausimamia bila upendeleo. Tatu, kituo chako kiwaandikie rasmi wajukuu wangu, kwa karatasi yenye mhuri, kuwaarifu kwamba upendo wote waliotumiwa katika majuma haya matano ulitumwa kwa sarufi yenye kasoro. Wauhesabu kuwa haujawafikia hadi nitakapousahihisha na kuutuma upya.

Nisalimie walimu wako wote, karani wako, na yule mama afagiaye ngazi, aliyenipisha kwa heshima ingawa nilikanyaga alipokwisha kudeki. Wasalimie pia wanafunzi wa alasiri, kila mmoja kwa kadiri ya Kiingereza chake.

Ni mimi, mwenye haki upande wangu na sarufi upande wa pili,

Mwalimu Mstaafu

Tanbihi: Mke wangu anasafiri kesho kwenda kumwuguza dada yake, na hatarudi kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi saa kumi simu italia nami nitakuwa peke yangu. Mara ya mwisho nilipoipokea mimi, mvulana aliisikiliza salamu yangu yote mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu kama kuna mtu nyumbani. Nimepekua vitabu vyangu vyote vya sarufi, na mazoezi yote niliyopata kuyatunga. Hamna popote sentensi ya kumwambia mtoto kwamba hata babu yake amemkumbuka. Tafadhali mwombe mwalimu wako aniandikie moja, na inifikie kabla ya Ijumaa jioni ili nipate muda wa kuizoea. Ikiwa na makosa, aiache hivyo hivyo.