Saa Rasmi ya Bwana Mkurugenzi

Manispaa yetu inayo heshima kuutangazia umma wa bonde la mto Morava kwamba wakati, ambao hadi juzi ulikuwa ukipita ovyo bila kibali, sasa umewekwa chini ya uongozi. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Saa Rasmi. Ninaeleza yaliyotokea ili sifa ziende zinakostahili.

Ofisi yetu ya Vyeti ina madirisha matatu. Kila dirisha lina kompyuta yake, lakini kompyuta hizo hazina mwili. Zinaishi ndani ya seva tatu kubwa zilizo ghorofa ya chini, kama wapangaji ndani ya nyumba, na kila mpangaji hufuata saa ya mwenye nyumba. Wenye nyumba hawa walikuwa hawapatani. Mmoja alikimbia, mwingine alichechemea, wa tatu alikuwa na mawazo yake. Kwa hiyo cheti kiligongwa muhuri Dirisha la Kwanza, kikavuka ukumbi, kikagongwa Dirisha la Pili mapema kuliko kilivyotoka la kwanza. Dirisha la Tatu lilikikataa, na kwa haki: ombi haliwezi kujibiwa kabla halijaletwa.

Kamati haikukaa kimya. Kila asubuhi wajumbe tulishuka chini, kila mmoja na saa yake ya mkononi, kila mmoja na seva yake, tukazirekebisha kwa mkono, kisha tukanywa kahawa ya tathmini. Utaratibu huu tuliuita ugatuzi.

Aliyelalamika ni Nevena Bulat, fundi wetu wa kompyuta. Alikuwa anaolewa Jumamosi, na bila cheti cha kuthibitisha kwamba hana mume, msajili asingemfungisha ndoa. Cheti chake kilikuwa kimekataliwa tena.

"Nguruwe wa karamu ameshachaguliwa, wapiga tarumbeta wameshaitwa," alimwambia Mkurugenzi Radoslav Krunić mbele yangu. "Mama mkwe anauliza kama nina mume mwingine ninayemficha."

"Unaye?" aliuliza Mkurugenzi, maana ni mtu makini.

"Ninachoficha ni hasira, bwana. Nimeandika programu fupi. Inazipitia seva zote yenyewe, kila baada ya dakika chache, na kuziambia zifuate saa ya taifa. Hakuna mtu kushuka chini."

"Na Kamati?"

"Kamati itakunywa kahawa bila kupanda ngazi."

Hoja hiyo ilinigusa sana. Mkurugenzi naye aliridhia, kwa sharti moja: seva zisifuate saa ya taifa, ila zifuate kompyuta iliyo mezani kwake. Hatuwezi kupokea wakati kutoka mji mkuu, alisema. Watatutumia uliobaki.

"Na kompyuta yako ikikosea?" Nevena aliuliza. "Niweke kizuizi, ikiruka sana seva zisifuate?"

"Zifuate bila kuuliza. Wanaouliza ninao wa kutosha."

Waraka ukatoka. Seva zote zikakubaliana, jambo ambalo Kamati haijawahi kulifanya, na tukasherehekea kwa rakija, pombe yetu kali ya matunda.

Alhamisi Nevena alipanga foleni kama mtu yeyote. Dirisha la Kwanza, karani Mama Desanka alimgongea muhuri: Agosti. Dakika hiyohiyo, ghorofani, Mkurugenzi alikuwa akitatua tatizo la kiutawala. Likizo yake ya mwaka ilikuwa imekwisha, na bahari ya Ugiriki ilikuwa bado na joto zuri. Likizo mpya hutolewa Januari. Akaisogeza saa ya kompyuta yake mpaka Januari. Huo ndio uongozi wa kuona mbali.

Seva zilifuata bila kuuliza.

Dirisha la Pili likagonga: Januari. Dirisha la Tatu likamrudishia Nevena cheti chake, kwa kuwa kilikuwa cha tangu Agosti na muda wake ulikuwa umepita.

"Nimevuka ukumbi tu," alisema Nevena.

"Ungekaza mwendo, dada," karani alimjibu.

Ghorofani nako kulikuwa na habari. Mkataba wa Mkurugenzi ulikuwa unaishia Desemba, kwa hiyo mfumo ulimstaafisha palepale, pamoja na barua ya shukrani. Alikuwa ametoka kunawa mikono. Aliporudi, mlango ulikataa kadi yake. Akashuka ngazi akiwa amevaa kofia ya pwani.

"Nevena, binti yangu, irudishe saa."

"Kwa amri ya Mkurugenzi tu. Waraka wako huo."

"Mkurugenzi si mimi?"

"Mlango umesemaje?"

Kwa bahati, waraka huohuo ulisema Mkurugenzi asipokuwepo, Katibu hutia saini. Nevena akanisogezea kalamu.

"Katibu, Jumamosi ikipita hivihivi, mama mkwe nitamleta kwako ukamweleze."

Nikatia saini: seva zifuate saa ya taifa. Muda si muda ikawa Agosti tena. Nevena akaomba cheti kipya, akapita madirisha yote matatu, mihuri ikifuatana kama bata, akatoka mbio akipiga simu kwa mchumba wake, bila hata kuaga.

Saa ilirudi, lakini kustaafu hakukurudi nayo, maana kulikuwa kumeshaandikwa, na kutengua kilichoandikwa huhitaji cheti cha madirisha matatu. Krunić alishika foleni. Zamu yake ilipofika, Mama Desanka alikagua skrini kwa uangalifu wote.

"Unaomba kustaafu kwako kutenguliwe. Naona umestaafu Januari."

"Ndiyo, mama."

"Sasa ni Agosti. Siwezi kutengua jambo ambalo halijatokea."

"Kama halijatokea, basi mimi bado ni Mkurugenzi."

"Hapana, barua ya shukrani ninaiona hapa. Nzuri kabisa."

"Sasa nifanye nini?"

"Njoo Januari."

"Na mpaka Januari mimi ni nani?"

Mama Desanka alimtazama juu ya miwani.

"Mwananchi. Sogea, unaziba dirisha."