Tamasha la Filamu za Asia na Swali la Bi Mize

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye amefika, isipokuwa amefikia Chalinze na hapo anasubiri tairi. Wazee wa mji, mashehe na mabalozi wa nyumba kumi kumi. Ndugu wakulima wa Fukayosi na Ubena mlioacha majembe mkaja kwa baiskeli. Mabibi, mama zetu na dada zetu. Na wewe Ndugu Natvarlal mwenye duka, ambaye shuka lako limetundikwa hapa nyuma yangu na kwa sasa si shuka tena, ni skrini: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo, na itifaki izingatiwe hata pale nilipoisahau. (Makofi. Natvarlal anainuka nusu, anainamisha kichwa, anakaa.)

Mimi, Mrisho bin Husseni, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Maandalizi ya Tamasha la Kwanza la Kimataifa la Filamu Huru za Asia Mjini Bagamoyo, ambaye pia ni Mwenyekiti wake, Mwenezi wake na, tangu mjumbe wa pili ahamie Pangani, ndiye akidi yake, nina furaha isiyo kifani kuona kwamba mwaka huu wa sabini na nne umenikuta bado nipo. Wapo waliouliza, kwa nini Asia? Nawajibu: kitambaa cha kanzu yako kimetoka wapi, na bizari ya pilau yako, na udi? Tumeila Asia, tumeivaa Asia, tumejifukiza Asia. Leo tumeamua kuitazama. Na wapo waliouliza, filamu huru ni filamu gani? Hilo ni suala la kitaalamu. Ni filamu ambayo mtengenezaji wake hana bosi, hana jumba, ana kamera ya kuazima, na waigizaji wake ni shangazi zake. (Kicheko.) Msicheke. Kwa kipimo hicho, Kamati yangu ndiyo Kamati huru kuliko zote katika pwani hii.

Uchunguzi nilioufanya mwenyewe, barazani kwangu, kwa muda wa alasiri mbili mfululizo, umeonyesha kwamba asilimia tisini na nne ya wakazi wa mji huu wanapenda filamu, asilimia tano wangeipenda kama wangeiona, na asilimia moja ni bwana mmoja aliyekuwa amelala. Ndipo likazuka tatizo la kiutawala. Mabibi wa mji mkaniandama, mnataka zanana, onyesho la wanawake peke yao, mchana kweupe, kama linavyofanyika Dar es Salaam. Wanaume nao wakaapa hawafungiwi nje. Uongozi ni kuamua! Ndiyo maana saa tisa hii mabibi wameketi wakiitazama skrini, na wanaume wameketi kiwanja hiki hiki wakiipa skrini mgongo na kutazama minazi. Hii kitaalamu inaitwa koordinesheni. (Vigelegele vya mabibi. Sauti ya mwanamume: "Shingo, Katibu!") Shingo ndiyo mchango wako kwa taifa, ndugu yangu.

(Bi Mize anasimama mstari wa mbele.) Shikamoo, Bi Mize. ("Marahaba, mwanangu. Lile kovu, lipo ama halipo?")

Kwa faida ya wageni wetu, swali hili limo katika faili langu, chini ya kichwa cha habari "Malalamiko ya Wananchi: Kovu". Mwaka wa sitini na tatu Bi Mize alikwenda Dar es Salaam kumuuguza dada yake, na siku moja akapelekwa zanana kuangalia filamu ya Kihindi. Katika filamu hiyo mama mmoja kapotezana na mwanawe mchanga stesheni ya treni, katika zahama, na alama pekee ya mtoto ni kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Miaka inakwenda, mama anakuwa dobi, anafulia nguo za kijana mmoja tajiri asiyemjua. Siku moja kijana kaja mwenyewe kuchukua shati. Kuna joto. Anaanza kukunja mkono wa shati alilovaa, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili, na hapo hapo kaka yake Bi Mize akagonga mlango wa ukumbi kwamba basi la Bagamoyo linaondoka. (Mabibi: "Lo!") Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, bibi huyu hajui. Aliniambia kwa kinywa chake: "Mrisho, nimezika mume, nimezika dada, na yote nimemshukuru Mungu, lakini sitaki kufa na mkono wa shati umekunjwa nusu." Ndugu wananchi, maneno hayo ndiyo yaliyozaa tamasha hili. Nilimwahidi ataona mwisho wa filamu ile.

Na ahadi iko pale pale! Feizi ya kwanza, yaani awamu ya kwanza, ni skrini, nayo imepatikana kwa asilimia mia, tena ina maua ya waridi pembeni. Feizi ya pili ni projekta, ambayo iko katika hatua ya fikra. Feizi ya tatu ni giza, kwa kuwa wataalamu wameniarifu kwamba filamu haionekani juani, jambo ambalo halikuletwa mapema mbele ya kikao. Feizi ya nne ni filamu zenyewe, kutoka Bombay, Kolombo, Tokyo na kila mji wa Asia wenye watu. ("Kwa hiyo leo hakuna?" anauliza Bi Mize.) Sikusema hakuna, bibi yangu. Nimesema onyesho liko mbioni.

(Bi Mize anajitanda kanga yake na kuokota makubadhi. "Basi naenda zangu. Nilidhani ni leo.")

Usiondoke, Bi Mize, unanivunja moyo mbele ya watu. Ningekuwa nalijua jibu ningekupa hapa hapa, bila fomu. Lakini kwa mujibu wa takwimu zangu, katika wilaya nzima hakuna mwananchi hata mmoja anayejua kilichotokea baada ya mkunjo wa pili. Hakuna!

("Mimi najua," anasema Damyanti, mke wa Natvarlal, kutoka mstari wa nyuma. "Ile nimeiona mara tatu.")

Mara tatu? Mama Damyanti, naomba upitie kwa mwenyekiti, ambaye ni mimi. (Damyanti hapitii kwa mwenyekiti. Anakwenda kusimama mbele ya shuka. "Kovu lipo, Bi Mize. Lakini yule mama hakuliona, macho yake yalikwisha kwa moshi wa pasi ya makaa. Shati lilianguka, wote wakainama kuliokota, vidole vyake vikagusa kiwiko. Akajua. Hakupiga kelele. Akamwuliza tu: umekula?")

Umekula! (Bi Mize anakaa chini polepole, analia huku anacheka. "Miaka kumi na moja nanunua uzi kwako, Damyanti!" "Hukuuliza, Bi Mize. Wewe huuliza uzi tu." Wanaume wote wamegeuka, na hakuna anayewakemea.)

Samahanini, vumbi. (Anafuta macho kwa hotuba, ukurasa wa saba hadi wa kumi na nne.) Ndugu wananchi, itikieni. Filamu! ("Idumu!") Koordinesheni! ("Shingo!") Skrini! (Natvarlal: "Irudi kitandani!") Nawashukuru watengenezaji filamu wa Asia, ambao hatukuwaandikia. Namshukuru fundi wa projekta, ambaye hayupo kwa sababu projekta haipo. Nawashukuru wakubwa wetu, ambao hawana lawama yoyote, maana barua ya kuwaomba kibali cha tamasha ninayo mfukoni tangu Machi, nikitafuta bahasha yenye hadhi yake. Kwa hiyo, kwa usahihi wa kumbukumbu, tamasha hili halijawahi kuwapo, na natangaza kwamba limefana sana. (Vigelegele.)

Kabla hatujatawanyika: nani mwingine aliacha filamu katikati, ili Mama Damyanti apange programu ya kesho? (Mikono inapanda kiwanja kizima. Wa kwanza ni wa Katibu.)