Rula Mbili Ndani ya Suruali

Jumatatu, 2 Juni

Mwenzangu,

Binti yetu anakuja Jumapili. Amesikia goti langu la kulia limegoma. Nani kampasha? Jirani yetu Fundi Viatu, nani mwingine! Binti kapiga simu, kasema nikishindwa na ngazi nihamie kwake, chumba kiko tayari, na kwake hakuna ngazi hata moja. Nikamwambia ngazi nazipanda kama mbuzi. Kwake hakuna ngazi, kweli. Wewe pia hupo. Hapa bado iko alama ya kiganja chako ukutani, karibu na swichi, pale ulipozoea kupapasa ukitafuta taa. Siondoki!

Ngazi ni thelathini na nne. Leo nimepumzika mara tano. Mara moja nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kliniki kimyakimya. Mtaalamu wa viungo, msichana mwenye mikono ya baridi, kalikunja goti langu likalia kama mlango mkavu. Kasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, umesagika. Umri, na miaka arobaini ya kukanyaga cherehani. Akaniagiza mazoezi: nikae kitini, ninyooshe mguu, niushikilie, niushushe. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Tena nitembee na mkongojo, niushike mkono wa kushoto. Nikamkumbusha kwamba goti bovu ni la kulia. Akasema ndiyo sababu. Watoto wa siku hizi!

Kwenye foleni nikamkuta Fundi Viatu, dole gumba la mguu limevimba kama nyanya. Jongo. Kanitambia kwamba jongo ni ugonjwa wa watu walioonja maisha, goti ni ugonjwa wa punda. Nikamuuliza mbona basi anayelia soksi ikimgusa ni yeye. Tukanuniana mpaka nyumbani. Ngazi tulipanda pamoja, tumeshikana mikono, bila kusemezana.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata akili! Mtu huchechemea kwa sababu goti linakunjika vibaya. Basi lisikunjike kabisa! Nimeitoa ile suruali ya kijivu, uliyosema inanifanya nifanane na msimamizi wa mitihani. Nimeshona mifuko ya siri ndani ya mguu wa kulia, mbele na nyuma. Nikatia kitambaa kigumu cha kola na rula zangu mbili za mbao. Nimeshona kwa mkono, na kastabini yako. Inaingia kidole changu kidogo tu.

Nimezunguka sebule mara sita. Sichechemei! Askari wa gwaride. Mazoezi sikufanya. Ya nini tena?

Jumamosi, 7 Juni

Fundi Viatu kaja kuazima chumvi, kaniona nimesimama kama mlingoti. Kaugonga mguu wangu kwa kidole: ko, ko. Mtu mzima hovyo! kasema. Na utakaaje? Nikamwambia huo ni wivu. Kakubali kufunga mdomo kwa sharti moja, nikiri kwamba jongo linauma kuliko goti. Nimekiri. Siku nzima mdomo mchungu.

Jumapili, 8 Juni

Nimemsubiri binti chini, tukapanda pamoja. Mguu nilikuwa nauzungusha pembeni kama geti linalofunguliwa. Ngazi zote thelathini na nne!

Juu akanivutia kiti. Baba, kaa. Mungu wangu! Kukaa sikuwahi kujaribu. Nikasema leo nasimama, heshima kwa mgeni. Nimekula nimesimama, sahani kifuani. Akaniambia kuhusu chumba, mapazia, dirisha kubwa. Ndipo akaingia Fundi Viatu kusalimia, na kwa wema wake wote akanisukumia kiti nyuma ya magoti.

Nikakaa. Mguu haukukaa. Ulipaa, ukaipiga meza kwa chini, chai ikamwagika, kisha kacha! rula ikavunjika na kuchomoza pajani. Sentimita zote zinasomeka.

Binti kacheka mpaka paji la uso likagusa meza. Kisha nikaona hacheki tena. Kasema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye ameshamzika mama aliyesema sijambo, sijambo, mpaka siku ya mwisho. Nawe unajua hakusema uongo.

Nikamwambia kweli yote: goti linauma, ngazi naziogopa, lakini humu ndani bado nakusikia ukinigombeza. Akaenda kufuta chai.

Uamuzi wake ni huu. Nabaki! Ila natumia mkongojo, na nafanya mazoezi mwezi huu wote. Kaniachia daftari, kila siku nitie alama ya vyema. Mwisho wa mwezi anakuja kukagua. Akikuta nimedanganya, nafunga mizigo siku hiyohiyo. Nimeapa.

Jumanne, 10 Juni

Jana nimenyoosha mguu mara ishirini. Kazi nzito! Kutia alama ni kazi nyepesi. Basi leo nimekaa mezani, nikajaza mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Kwa akili lakini! Nimetumia kalamu tatu tofauti. Siku nyingine nimeutetemesha mkono, kama wa mtu aliyechoka. Tarehe 17 nimeandika, "Goti liliuma kidogo asubuhi." Ukweli lazima uwepo. Nimekwenda hivyo mpaka tarehe 31 Juni, sikuruka hata siku moja.

Fundi Viatu kalipekua daftari, kahesabu miezi kwenye vifundo vya ngumi yake, kisha akacheka mpaka akajikwaa kwa lile dole lake. Hataki kusema anacheka nini. Wivu tu.

Mkongojo naushika mkono wa kulia. Yule msichana alikosea.

Haya, mwenzangu. Mimi niko hapahapa, juu, dirisha wazi. Huko uliko, unikumbuke.