Dole Langu Kwenye Beringi za Watu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya balaa. Asubuhi kaingia mwenye kinu cha kusaga, mweupe kwa unga hadi kope. Akabwaga beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayozungusha mashine, kwenye meza yetu ya kufungia bidhaa kiwandani, akauliza ni nani kati yetu anayetaka watu walale bila mkate. Kinu chake kimekwama. Alipokifungua akakuta beringi yetu, iliyotoka hapa ikimetameta ndani ya karatasi ya mafuta, imeliwa na kutu. Na si kutu ya mvua. Ni alama ya dole gumba! Mistari yote ipo, kama mtu aliyetia sahihi.

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikaona kovu limelikata dole lile katikati. Kovu langu, la mfuniko wa kopo la maziwa ya mtoto. Nikafumba ngumi.

Msimamizi wetu, ambaye kwa ajili ya kile kioo chake cha kukuzia vitu tunamwita Darubini, akaeleza kwamba jasho lina chumvi, na chumvi ndiyo inayoita kutu. Wapo watu jasho lao kali kuliko la wenzao. Mwenye jasho hilo atahamia uwanjani kupokea vyuma. Zamu ya jioni.

Zamu ya jioni! Na Bwana Mdogo, mwanangu, hapati usingizi mpaka ashike sikio langu. La baba yake kalikataa. Tumejaribu.

Jumanne, 4 Machi

Kweli, viganja vyangu hutoka jasho. Siku ya ndoa bwana harusi aliponishika mkono aliuliza kama nimetoka kunawa. Lakini hili la kula vyuma sikulijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Kilacho vinu vya watu kimo kiganjani mwangu. 

Dawa nimeiona: stuli iliyo chini ya feni. Anaikalia Bi Mkavu, jirani yangu wa meza, mwanamke mtu mzima ambaye hata jua la saa sita halimtoi jasho la kiganja. Mtu mkavu anataka feni ya nini? Nikamnong'oneza kwamba feni imelegea, itamwangukia kichwani. Akasema Mungu anibariki, mdogo wake, akaenda moja kwa moja kwa fundi umeme. Fundi akaja na ngazi, akaiteremsha feni nzima, akaondoka nayo kwenda kuikagua.

Sasa hakuna feni. Meza nzima inatoka jasho. Mimi ni bomba lililopasuka.

Jumatano, 5 Machi

Poda ya mtoto. Nilijipaka hadi vifundoni. Mpaka saa nne beringi zangu zote zilikuwa na sura ya yule mwenye kinu. Darubini akainama na kioo chake, akapiga chafya tatu, akauliza nani anakanda unga hapa. Nikasema ni unga wa mteja wa juzi, ulibaki mezani. Wenzangu wakanitazama. Meza tunaifuta kila jioni.

Nimerudi nyumbani, Bwana Mdogo ana vipele shingoni. Poda yake nimeimaliza mimi. Mama gani huyu? Nimemwogesha taratibu, nimempepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka akacheka. Baba yake akauliza poda imekwenda wapi. Nikamwambia badala ya kuuliza maswali aanue nepi. Akaanua.

Alhamisi, 6 Machi

Jana usiku mama mkwe kaja kumwona mjukuu, kanishika mkono, kashtuka. Akauliza, "We mwanangu, umezaliwa kisimani?" Akasema ukoo wao hauna mambo haya. Dawa, kwa maelezo yake, ni limau na chumvi ya kutosha: loweka viganja alfajiri, usisuuze. Vitakauka kama samaki wa kuanikwa.

Na vimekauka! Sijapata kuona. Nilifika kazini natembea kama bibi harusi. Nilifunga masanduku yangu, nikawasaidia wa kushoto, nikawasaidia wa kulia. Beringi ambazo hazikuwa zangu nilizishika pia, kwa furaha tu. Bi Mkavu akasema leo nimeamka na upepo mzuri. Nikamwambia ndiyo, dada.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani! Darubini kaleta bamba la chuma lililosuguliwa mpaka unajiona meno. Kalichora viboksi kwa chaki, kila mtu chake, kwa mpangilio tuliokaa. Unabonyeza dole, unapita. Kisha bamba linafunikwa kitambaa kibichi, linafungiwa stoo mpaka Jumatatu. Atakayechipua kutu ndiye.

Viganja nilivikausha tena alfajiri, lakini nani ajuaye? Nilikuwa mbele ya Bi Mkavu. Kiboksi changu hiki, chake kile. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Ni kufumba na kufumbua. Dole langu likaenda kwenye kiboksi chake. Alipoinuka nikamwonyesha changu, nikasema, "Chako hiki hapa, dada." Akabonyeza. Akashukuru! Huyu mama anashukuru kila kitu, ananitesa.

Nimeshindwa kula. Bwana Mdogo kanishika sikio, na mimi nimelala macho, nikijiambia kwamba nimefanya kwa ajili yake. Hata yeye alikuwa kama hasadiki.

Jumatatu, 10 Machi



Kitambaa kikaondolewa. Viboksi vyote safi, isipokuwa kimoja. Limau na chumvi vilikuwa vimefanya kazi yake: dole jekundu, nene, limekula mpaka ndani ya chuma. Kiboksi cha Bi Mkavu.

Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimeshapanga na uso wa kushangaa. Hakubisha. Aliitazama ile alama, akavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. Akasema taratibu labda ni umri, maana siku hizi usiku anaamka amelowa na hajamwambia mtu.  Akamwambia Darubini sawa, atakwenda zamu ya jioni, ila aachwe leo amwoneshe huyu mdogo wake kukunja pembe za karatasi, bado hajazipata vizuri.

Mdogo wake ni mimi.

Nilitaka kusema, mdomo ukagoma. Mkono ndio uliopanda wenyewe, dole juu, kama mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni. Darubini akaja na kioo. Akatazama kovu, akatazama bamba. Nyuma kuna aliyesema, "Makubwa!" Bi Mkavu akanitazama. Hakushukuru.

Hayakuishia hapo. Masanduku ya Alhamisi yalifunguliwa. Yote yana madole yangu, ya kushoto na ya kulia! Yangetoka, vingesimama vinu, pampu za maji, mashine za kushonea, kote huko. Darubini akaniuliza nilipaka nini. Nikamwambia. Akakaa chini. Akasema nimekikaanga chuma kwa viungo kamili. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa nini sikuomba glavu. Kabati la glavu za pamba lipo nyuma yangu. Ndilo ninalotundikia mfuko wa nepi kila siku.

Zamu ya jioni kanisamehe kwa ajili ya mtoto. Sharti ni moja: kukiwa na shida, niseme. Mchana kutwa nimesugua beringi kwa mafuta. Bi Mkavu kakaa akasugua nami bila kuombwa. Neno lake lilikuwa moja: nisogeze kitambaa.

Jumanne, 11 Machi

Glavu ni ajabu ya dunia. Hakuna hata doa. Feni imerudi. Jioni Bi Mkavu kanisogezea stuli yake, kasema nikae, feni isije ikamwangukia yeye kichwani. Nilicheka, machozi yakanitoka. Nimeapa: sitaficha kitu tena.

Bwana Mdogo kaitafuna glavu ya kulia. Imebaki vidole viwili.

Kabati limejaa. Ni kufungua na kumwambia Darubini nipe nyingine. Lakini siku ya pili tu! Atasemaje? Wenzangu watasemaje? Hapana. Ya kushoto nitaivaa, mkono wa kulia nitautia ile dawa ya limau kidogo asubuhi, mmoja tu.

Nimeshamwuliza mama mkwe. Kasema safari hii tupunguze chumvi.